Teke la Bunduki Huenda Wapi

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Fundi, mchomelea vyuma, na asiyejua kubishana hapa hasogezewi nafasi. Asubuhi hiyo katikati alikaa Bega, askari wa wanyamapori, akijikanda bega lililoteguka mwaka jana. Kesho yake alikuwa na mtihani wa shabaha. Akishindwa, anatolewa porini na kupelekwa kufungua geti la ofisi, na Bega bila pori ni mtu wa kuhurumiwa. Mkuu wake alimruhusu atumie kile chuma chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili isimpige teke sana begani. Sisi tukajipa kazi ya kuamua kama kitamharibia shabaha.

— Nguvu ikitokea matunduni, risasi ibaki na nini? alianza Gia, dereva mstaafu wa lori. Maji yakimwagika hayazoleki. Itafika imechoka.

— Heri ichoke, akasema Wembe, kinyozi wetu. Haraka haraka haina baraka. Ikienda polepole inapata muda wa kutazama njia.

Gia akakubali, ila akadai ule upepo wa matunduni utaisukuma kando, hivyo Bega alenge shabaha ya jirani ndipo apate yake. Wembe akashauri azibe matundu ya upande mmoja, risasi ikate kona. Niliwaacha waendelee, maana kuwazuia ni kuwachochea.

Fundi akazima mashine yake.

— Kikifungwa kikanyooka, hakina ugomvi na risasi. Anayeharibu shabaha ni Bega. Anaogopa teke, anafumba macho kabla hajafyatua.

Bega hakukataa.

— Jana tulifanya mazoezi nacho, alisema taratibu. Bega langu halikuuma. Sikufumba macho hata mara moja.

Tulifurahi kweli. Hata Gia alimmiminia kahawa, jambo ambalo halimtokei kila siku.

Ndipo akaja mke wa Pacha kuchukua sufuria yake iliyokuwa ikichomelewa mpini. Pacha ni mwenzake Bega wa doria. Tumempa jina hilo kwa kuwa hawaachani. Fundi akamwomba asubiri chuma kipoe, naye akasimama akitusikiliza.

— Sasa hilo teke linakwenda wapi, shemeji?

— Upepo wake unatokea pembeni, akajibu Bega. Pembeni ndiko kunakuwa na kishindo, ila mimi nyuma siumii.

Mke wa Pacha akamsogelea.

— Jana baba watoto karudi, namwita mezani, hasikii. Kaniambia maji yamemwingia sikioni akioga. Hebu niambie, kwenye mazoezi, mlipolala chini kulenga, pembeni yako alikuwa nani?

Gia, mwenye jibu la kila kitu, akainamia kikombe chake. Wembe naye akajipangusa viatu. Kila mtu benchini alijua jibu, na Bega alilijua zaidi yetu.

Alitoa kile chuma mfukoni, akakiweka mkononi mwa Fundi, akavuka barabara kwenda kwa Pacha. Tukamsikia akibisha hodi, akabisha tena kwa nguvu. Dirisha lilikuwa wazi. Pacha alikuwa ameketi ametugeuzia mgongo, anasoma gazeti lake, wala hakugeuka.