Mpiga Ridhimu wa Bendi ya Magunia

Fundi Waya hakuwa mtu wa maneno mengi. Mdomo wake siku zote ulikuwa umebana skrubu mbili tatu. Maneno aliwaachia wenye benchi. Benchi lenyewe lilikaa mlangoni pa kibanda chake cha kutengeneza redio, na wenyewe walikuwa wale wale: Mkasi, kinyozi wa jirani; Profesa, aliyestaafu kufagia maktaba, alikosoma kila alichopangusa vumbi; na Dada Birika, muuza kahawa, ambaye hakuna aliyethubutu kumbishia kikombe kikiwa bado kitupu. Asubuhi hiyo mezani kwa Fundi palilala gitaa la umeme, kifuniko wazi, nyaya nje kama utumbo. Mwendesha pikipiki alikuwa amelileta na kikaratasi: "Halitoi sauti." Basi ubishi ukapata pa kuanzia.

— Mimi dude hili silielewi, alianza Mkasi. Debe tupu ndilo huvuma. Hili gogo, halina hata tumbo. Linavuma na nini?

— Sumaku, Fundi akajibu kwa pembe ya mdomo. Sumaku na waya.

— Ahaa! Mkasi akadakia. Ndiyo maana wakubwa walisema haraka haraka haina baraka. Waya mwembamba, umeme unapita kwa foleni.

Profesa akakohoa, dalili kwamba kitabu kinafunguka.

— Zamani kwenye bendi za ng'ambo, matarumbeta yalikuwa yanalimeza gitaa. Mpigaji anatoka jasho, hakuna anayemsikia. Wakatafuta dawa. Moja ya magitaa ya umeme ya mwanzo lilikuwa la alumini, la duara, mkono mrefu. Watu wakaliita kikaango.

Benchi lilicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Kikaango! Mkasi akajifuta machozi. Profesa, hata uongo una kipimo. Ukweli ni huu: umeme wenyewe uligunduliwa kwa ajili ya gitaa. Taa zilifuata, ili watu wamwone anayepiga.

— Na pasi? akauliza Dada Birika.

— Ya kunyooshea suruali za wanamuziki! Mambo yalikwenda kwa mpangilio.

Profesa hakukubali kulala chali. Akamleta yule Mmarekani wa mashoto aliyegeuza gitaa juu chini na kulipiga hata kwa meno.

— Ajabu gani hiyo? Mkasi akadakia. Penye nia pana njia, na penye meno pana gitaa.

— Na kabla yake alikuwepo mama mmoja, akiimba nyimbo za dini na gitaa la umeme begani. Wanaume kibao walijifunza kwake.

Dada Birika akamjazia Profesa kikombe bila kuombwa. Mkasi alipoona kahawa inahamia upande wa pili, akatoa silaha yake kubwa.

— Wote hao mbele ya Radi ni watoto wa chekechea!

Hapo hata Fundi aliinua kichwa. Radi alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya kiwanda cha magunia, iliyotumbuiza kwenye ukumbi wa kiwanda kila Jumamosi miaka thelathini na kitu iliyopita.

— Radi akipiga solo, saa ya ukutani inasimama. Mashine za kiwanda zinajiwasha zenyewe. Kuna mama mjamzito alijifungua kabla ya kiitikio!

— Mapacha, akaongeza Dada Birika.

Fundi akatabasamu. Kwenye ukumbi ule ndiko alikompata mkewe. Akachomea waya wa mwisho, akaliunganisha gitaa na spika, akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka nzito, safi.

— Limepona, ikasema sauti nyingine.

Mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi alikuwa amesimama pembeni, akisikiliza. Alikuwa amekuja kulichukua.

— Wazee wangu, Radi nimemsikia. Mwimbaji je, alikuwa nani?

— Chiriku! wote kwa pamoja.

— Mpiga ngoma?

— Nyundo!

— Na aliyepiga gitaa la ridhimu?

Mkasi akamgeukia Profesa. Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Gitaa lile la kati, la kushika mwendo, ndilo lililokuwa likimnyanyua Fundi miguu. Ndilo alilohesabia hatua huku ameshika kiuno cha mchumba. Hata siku moja hakuinua macho kumtazama aliyelipiga.

— Mwanangu, tuambie, akasema, akizitema skrubu.

— Siwaambii. Ni baba yangu, na gitaa ni lake. Yuko nyumbani, mtaa wa pili. Mkamuulize mwenyewe.

Fundi akafunga kibanda. Akalibeba gitaa kifuani kama mtoto mchanga, akamfuata binti, wenzake nyuma, Dada Birika na birika lake.

Mzee walimkuta mlangoni, fimbo mkononi.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba.

— Tumekuletea gitaa. Na tumekuja kukuuliza jina. Tulikuwa tunakuja ukumbini kila Jumamosi.

Mzee akawatazama mmoja mmoja.

— Kila Jumamosi, na hamkuniona? Mlikuwa mnafanya nini?

Fundi alikosa pa kujificha.

— Tulikuwa tunacheza, mzee.

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

— Basi ingieni, akasema. Sogezeni meza ukutani.