Fundi Kasimiri na Mkutano wa Viti Kumi na Tisa

Baba Padri, ndugu wafiwa, na nyie mafundi mliojibanza huko nyuma, naomba radhi mapema, historia hii nitaisoma vibaya, mdomo wangu umezoea kuchekesha watu ukumbini na leo dada yangu Sesilia kanikataza, kwa hiyo nikikohoa katikati mjue nimemeza kitu.

Shemeji yangu, marehemu Fundi Kasimiri Mkanjima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1908 karibu na Masasi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala hukohuko, na mwaka 1929 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa karakana hii na ile kabla ya kufungua yake hapa Temeke. Tarehe 6 Oktoba 1934 alifunga ndoa na Sesilia, wakajaliwa mabinti wawili, Margareta na Avelina.

Mwaka 1953 alichaguliwa katibu wa chama chetu cha seremala, chama chenye kelele nyingi na mpango hakuna, kila mtu msemaji, msikilizaji hayupo. Msajili wa vyama alikwisharudisha katiba yetu mara mbili, akasema ifikapo tarehe 31 Agosti 1954 asipoona matawi, viongozi wake na shabaha ya chama, tusahau kuandikishwa, na chama kisichoandikishwa tajiri anayetuajiri hana haja ya kukisikiliza, nao wenzetu sita walikuwa wamefukuzwa kazi, wakingoja tuwasemee.

Marehemu akaitisha mkutano Jumapili tarehe 22 Agosti, notisi ikaenda Buguruni, Pugu na Magomeni, kwamba kila tawi lilete mwenyekiti, ila neno likaandikwa limekatwa mawili, "mwenye kiti", nao seremala ni seremala, vikaja viti kumi na tisa, Fundi Mfaume wa Pugu cha kwake kakibeba kichwani tangu alfajiri. Ugomvi ukawaka.

"Mwenye kiti mie, hiki mninga mtupu! Wewe na mbao zako za sanduku la chai utamwongoza nani?"

"La chai, lakini halilii likikaliwa, bwana!"

Marehemu akawaacha wachoke, kisha akasema, "Jamani, viti tunavyo, sasa kaeni tutafute vichwa."

Wakakaa tawi kwa tawi, na kabla ya alasiri kila tawi lilikuwa na mwenyekiti, katibu na wazee wa kusuluhisha, wa kubadilishwa kila miaka miwili, na shabaha ikaandikwa, kutetea saa za kazi, kufundishana ufundi na kuzikana. Cheti kilitoka tarehe 15 Novemba, na kabla ya Krismasi wale sita walikuwa kazini.

Kifua kilimwanza Februari mwaka huu, 1956, na Jumamosi tarehe 9 Juni, saa nane mchana, alifariki usingizini bila maumivu, tunashukuru. Asanteni madaktari na wauguzi, asante jirani yetu Bi Mwanaheri kwa uji wa kila asubuhi, na asanteni mafundi, jeneza mmelitengeneza bila kugombania nani msimamizi, nikashusha pumzi, kumbe mpango wake umeshika.

Lala salama, shemeji. Miaka miwili watu wamekusema, katibu gani hajui kuandika mwenyekiti, nawe ukanyamaza. Ndugu zangu, notisi aliniagiza mie niiandike, akanitajia neno hilo, moja tu, mie nikaona karatasi bado ina nafasi.