Bartolomayo Ndahani na Sukari ya Wagonjwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Edina, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome kwa upole. Haya, nitajaribu.

Marehemu Bartolomayo Ndahani alizaliwa Mvumi tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili wa Mzee Ulimboka. Alianza shule huko huko, akamaliza darasa la nane Dodoma mjini mwaka 1957.

Mwaka 1962 aliajiriwa serikalini, dereva wa malori ya idara ya barabara. Mwaka 1994 wakampunguza kazini. Hakukaa kulia, alichukua samaki bwawani Mtera akauza mjini.

Alifunga ndoa na Frida mwaka 1966. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, alionja chai akamnong'oneza Frida, "Haya si maji ya kuoshea vikombe?" Ukumbi mzima ukasikia, wakacheka, wakamwongezea sukari.

Julai 1997 alianza kukojoa damu. Ikaonekana ni saratani ya figo, imeshafika mapafuni. Daktari alimweleza Cornel, mwana wa marehemu, msomi wetu wa chuo kikuu: "Seli hizi zina pupa ya sukari. Zinaivunja ovyo ovyo bila kutumia hewa, hata ikiwepo, ili zizaliane. Watafiti wanatafuta dawa ya kuzifungia mlo huo. Bado haijapatikana. Mgonjwa ale." Cornel akabeba nusu ya maneno. Alirudi akitangaza kwamba saratani itakufa kwa njaa. Sukari marufuku, ugali marufuku, uji ndiyo usiseme. Mchicha na maji.

Nilikwenda na chupa ya uji. Cornel akasimama mlangoni: "Shangazi, unataka kumuua baba?"

Kaka akaita kutoka ndani, "Edina, nipe hata kijiko kimoja." Wifi yangu Frida akatazama pembeni.

Nilimfuata daktari. Akashika kichwa: "Mkimnyima, mwili utayeyusha nyama yake wenyewe kuulisha uvimbe!" Nikayafikisha maneno hayo nyumbani. Cornel akasema daktari amepitwa na wakati. Mjuaji huyo!

Marehemu alifariki tarehe 6 Februari 1998, amebaki ngozi na mifupa. Uvimbe ulikuwa umenenepa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mimi dada yake. Ameacha pia, chini ya kitanda, sukari mliyomletea mlipokuja kumjulia hali, mifuko haijafunguliwa hata mmoja. Ndiyo iliyo kwenye chai mnayokunywa. Msione haya, kunyweni. Cornel mwanangu, nawe kunywa. Bwana ampumzishe baba yako. Amekufa na njaa.