Rika wa King'ora: Hendrika Vander Laan, 1931–2024

Wasifu huu unasomwa na Cornelia, binti wa kaka yake, katika kanisa letu la Veldhaven, Illinois, Jumamosi tarehe 6 Aprili 2024.

Marehemu Hendrika, ambaye Veldhaven nzima ilimwita Rika, alizaliwa tarehe 9 Machi 1931, mtoto wa kwanza wa Klaas na Trijntje Boersma, katika nyumba ya mbao iliyosimama pale palipo duka la matairi hivi leo. Wakati huo mji wetu ulikuwa mashamba ya vitunguu, kanisa hili na reli ya kwenda Chicago. Waholanzi wa kwanza waliipenda ardhi hii kwa sababu ilikuwa tambarare kama ya kwao, na hakuna aliyewaambia kwamba upepo nao unaipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mama yake Rika akiona wingu limegeuka rangi tu, anawakusanya watoto na kuwashusha kwenye ghala la vitunguu chini ya nyumba, wakae gizani macho yakiwatoka machozi. Baba yangu Gerrit, mdogo wake marehemu, ambaye yuko hapa benchi la mbele, anasema mpaka leo akinusa kitunguu kibichi moyo unamwenda mbio.

Alisoma shule ya kanisa na kumaliza sekondari mwezi Juni 1949, akiwa na mwandiko mzuri na ulimi mkali. Wazee wanaikumbuka Jumapili moja ambapo pipi za mnanaa zilipitishwa benchi hadi benchi kama kawaida yetu mahubiri yanapoanza. Sisi pipi hiyo tunaimung'unya, hatuitafuni. Rika akaitafuna, na kanisa zima likasikia. Mchungaji akanyamaza, akamkodolea macho.

"Endelea tu, Mchungaji," Rika akasema. "Imeshaisha."

Mwaka 1950 aliajiriwa kuwa karani wa ofisi ya mji. Kazi hiyo ilikuwa na simu ya zimamoto juu ya meza na kitufe chekundu ukutani, na kitufe hicho ndicho kilichoamsha king'ora kilichokuwa juu ya mlingoti nyuma ya ofisi. Kila Jumamosi saa sita mchana Rika alikibonyeza kukijaribu. Basi kikawa ndiyo saa ya mji. Wapalizi wakisikia walitua majembe, akina mama waliepua supu ya njegere, na kila mwanamume mwenye saa mkononi aliinua mkono akairekebisha. Hata mashamba yalipoanza kuuzwa na nyumba ndogo za matofali kupangwa mistari kwa mistari kwa ajili ya watu wa viwandani, wageni hao nao walifundishwa hivyo siku ya kwanza: saa yako usiiamini, msubiri Rika.

Tarehe 12 Juni 1953 alifunga ndoa na Albert Vander Laan, mwenye duka la misumari na rangi lililotazamana na ofisi ya mji. Mungu hakuwajalia watoto, ila waliwajalia majirani vichekesho. Albert alijivunia saa yake ya mkononi kuliko duka, na kila Jumamosi aliporudi nyumbani kwa chakula alianza na lile lile.

"Leo umechelewa, mke wangu. Umetuibia nusu dakika."

"Kaishtaki serikali."

"Serikali yenyewe ni wewe."

Sasa nafika mahali ambapo Mchungaji aliniomba nipite haraka. Sitapita haraka, kwa maana Rika hakupapita kamwe.

Jumamosi tarehe 22 Aprili 1961 asubuhi ilikuwa na joto lisilo la msimu, na upepo ulikuwa umekufa kabisa. Karibu na saa sita simu ya zimamoto ililia. Alikuwa mkulima wa upande wa magharibi, anapiga kelele kwamba kimbunga kimeshuka, kimeshachukua zizi lake, kinafuata barabara kuja mjini. Rika akabonyeza kitufe. King'ora kikalia. Akatazama dirishani kuona watu wakikimbia, na hakukimbia mtu. Mwanamke mmoja aliendelea kusukuma gari la mtoto. Mzee aliyekuwa kwenye ngazi za posta aliinua mkono, akaitazama saa yake, akazungusha kile kifundo cha pembeni cha kuirekebishia, akaridhika.

Rika hakuachia kitufe. Alikishikilia kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akapiga kioo, akipayuka "Shukeni! Shukeni chini!" na sauti yake ikamezwa na king'ora chenyewe. Nje walikuwa wanacheka. "Leo Rika kalala juu ya kitufe!" mmoja alimwambia mwenzake. Ng'ambo ya barabara, ndani ya duka, Albert alikuwa akimpimia mteja misumari. Mteja huyo alipona, na ndiye aliyetusimulia.

"Mke wangu huyo," Albert alimwambia. "Leo kawahi."

Akavuta kifundo cha saa ili aisogeze mbele.

Tulizika watu kumi na mmoja. Albert alipotolewa chini ya matofali, saa ilikuwa bado mkononi na kifundo kimevutwa nje. Rika aliichukua na hakuwahi kukirudisha kifundo hicho ndani. Anazikwa nayo leo.

Wengi walidhani ataacha kazi. Wiki tatu baadaye alisimama mbele ya kikao cha mji, bado amevaa nguo nyeusi. Wazee wale walimwambia kwa upole kwamba alitimiza wajibu wake.

"Nilibonyeza, nanyi mkarekebisha saa," aliwajibu. "Kuanzia leo kikilia Jumamosi saa sita, ni kifo. Hakuna majaribio. Mtu akitaka kujua saa, anunue saa."

Jaribio likahamishiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi. Nalo hilo lilimtisha, maana Jumanne ni siku kama nyingine na upepo hausomi kalenda. Kwa hiyo kila jaribio, mpaka mwisho wa utumishi wake mwaka 1996 na miaka yote baada ya hapo, alishuka chumba cha chini ya nyumba kama vile ni kweli. Akiwa kazini alibonyeza kitufe akateremka ngazi za ofisi mbio, na makarani wengine walimfuata kwa kuogopa ulimi wake. Hadi anastaafu, walikuwa wanashuka wenyewe bila kutazamana.

Mji ulibadilika akiwa ndani yake. Barabara kuu ilipita katikati ya mashamba yaliyobaki, viwanda vya chuma vikafungwa, na familia za watu weusi zilipoanza kununua nyumba upande wa reli, watu wetu waliuza na kuhamia Indiana, barabara nzima ndani ya mwaka. Ninalisema hapa kanisani kwa sababu wengi wenu mlioendesha gari kutoka Indiana leo ndio nyinyi. Walikuja kumshawishi jikoni kwake.

"Rika, uza kabla bei haijaanguka."

"Na king'ora nimwachie nani?"

"Kha! Watampata mtu."

"Basi mkampate huko mnakokwenda."

Mwaka 1979 nyumba ya jirani ilinunuliwa na Lorraine Gaines na mumewe. Siku ya pili Rika aligonga mlango. Lorraine, ambaye siku hiyo alikuwa amekwisha kurushiwa jiwe dirishani, alifungua akiwa ameficha kikaango cha chuma nyuma ya mgongo.

"Chumba chenu cha chini kiko wapi?" Rika aliuliza, hata hujambo hajasema.

"Unataka nini huko, mama?"

"Nataka nione ngazi. Zilikuwa mbovu. Mkianguka mtavunjika shingo kabla upepo haujawafikia."

Akashuka, akatingisha kila kidato, akapanda, akamwonyesha mtoto wao Curtis mahali pa kukaa king'ora kikilia. Lorraine anasema alibaki amesimama na kikaango chake. Tangu siku hiyo walikula pamoja kila Jumapili, supu ya njegere na makaroni ya jibini, na walibishana kuhusu chumvi kwa miaka arobaini na mitano.

Ugonjwa ulianza na masikio. Kufika mwaka 2019 hakusikia kitu, na ndipo nilipomwona Shangazi akiogopa kweli. Moyo wake ulipodhoofika naye akalazwa kitandani sebuleni, hakuuliza dawa wala daktari. Aliuliza jambo moja, kila jioni.

"Lorraine, kikilia utaniambia?"

"Nitakubeba mgongoni."

"Wewe? Na goti hilo?"

"Tutaviringika wote, bibi wee. Lala."

Alifariki Jumanne tarehe 2 Aprili 2024, nyumbani kwake, Lorraine akiwa amemshika mkono. Saa nne king'ora cha jaribio kililia. Rika hakukisikia, ila alimwona mwenzake akiinua kichwa.

"Kimelia?"

"Kimelia, Rika. Leo ni jaribio tu."

"Tushuke," alisema. Ndilo neno lake la mwisho. Lorraine alianza kumfunua shuka ili ambebe, na goti hilo hilo, na alipomgeukia alikuwa ameshatuacha.

Marehemu ameacha kaka yake Gerrit, mimi na ndugu zangu watatu, Lorraine Gaines ambaye alimwita dada, Curtis Gaines ambaye ndiye meya wetu, pamoja na watoto wake, na mji wa watu elfu ishirini ambao wengi wao hawakumjua kwa uso.

Nina neno moja ambalo nimeliandika asubuhi hii, baada ya programu ya ibada kuchapishwa. Itazameni, ukurasa wa nyuma, mstari wa mwisho: "Saa sita mchana, king'ora cha mji kitalia kwa heshima ya marehemu." Curtis aliuweka kwa mapenzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka aliposoma. Mimi mwenyewe nilisahihisha koma. Leo alfajiri nikampigia simu.

"Dada Cornelia, huyu alikuwa malkia wa kile king'ora," aliniambia. "Tumuage hivi hivi, kimya?"

"Curtis, leo ni siku gani?"

Nikamsikia akivuta pumzi na kusema, "Yesu wangu. Jumamosi."

Amewapigia zimamoto. Heshima hiyo imefutwa. Ipigieni mstari wa kuifuta, kila mmoja kwa kalamu yake, sasa hivi. Redio imetutahadharisha tangu asubuhi, mmeona wenyewe anga ya upande wa magharibi mlipokuwa mnaingia, na bendera pale nje haitikisiki. Ninaogopa, sioni haya kusema. Mlango wa ngazi uko kushoto mwa kinanda, Lorraine ameufungua na kuuwekea kiti, na mikate ya nyama iko huko huko chini. Saa sita inakaribia, nayo inapaswa kupita kimya.

Rika apumzike kwa amani. Sisi bado. Kikilia, msitazame saa. Shukeni.