Hiyo Siyo Misuli

Wazee wangu na mama zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, poleni na baridi. Mchungaji ameniomba niongee kwa kifupi. Nimemwambia kwa ufupi mimi sina shida, Mungu aliniumba nao.

Swali lenu nalijua. Nimeanza kuulizwa tangu niliposhuka kwenye basi pale Mbulu mjini. Vijana wa bodaboda walisahau hata kunisalimia. Wakataka kwanza kujua kwa nini kocha ananipa dakika chache. Mmoja akasema naonewa. Mwingine akasema kwa mwili huu, beki wa ligi kuu akinipumulia tu naenda chini. Wakabishana mimi nikiwa nimesimama katikati yao na begi langu, kama vile wanamzungumzia mtu aliye Dar es Salaam. Leo nitawajibu. Ila jibu lenyewe lina njia ndefu, na kuna mahali nikifika bado mwili unanisisimka, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni wa Tlawi, kwa wale msionijua. Kwetu ni watu warefu. Baba yangu huinama akiingia jikoni, na wadogo zangu wawili wamenipita siku nyingi. Mimi niliishia hapa mnaponiona. Lakini shuleni mpira ukiwa mguuni mwangu hakuna aliyenishika, na nikatoka timu ya shule nikaingia ya wilaya, na kutoka hapo nikaitwa kujaribiwa mjini, kwenye timu ya ligi kuu. Sitaitaja. Wakanichukua. Mama yangu alikuja hapa kanisani kutoa shukrani, na baadhi yenu mlikuwepo.

Kumbe kuchukuliwa ni jambo moja na kucheza ni jambo jingine. Msimu wa kwanza nilikaa benchi. Nilikuwa naingizwa dakika za mwishoni, wakati watazamaji wameshaanza kutafuta funguo za pikipiki zao. Nagusa mpira mara mbili, filimbi inalia, tunaondoka. Nafasi yangu alikuwa nayo mwenzangu mmoja kutoka Kanda ya Ziwa, mshambuliaji mrefu, mpana, jezi yake ningeweza kuivaa kama kanzu. Tulipangiwa chumba kimoja kambini. Alikuwa mtu wa kusalimia vizuri kila asubuhi. Mimi nilikuwa namjibu huku nafunga viatu.

Sasa sikilizeni. Siku moja tulicheza wenyewe kwa wenyewe mazoezini, nikafunga mabao mawili. Mabeki wa kikosi cha kwanza walikuwa wananikimbiza na hawanipati. Nikasema leo kazi imeonekana. Kocha akasoma kikosi cha Jumamosi, jina langu likaja mwisho kabisa, kwenye akiba. Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana alinisogelea, akaniwekea mkono kichwani, akacheka.

"Ukikua, uniambie."

Timu nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mtu wa miaka hiyo anakua kwenda wapi?

Karibu na kambi kulikuwa na sehemu ya kunyanyulia vyuma, na pale palikuwa na jamaa mmoja mwenye mikono kama mapaja. Hakuwa mtu wa timu, alikuwa anazoeana tu na wachezaji. Alikuwa amesikia habari ya kuchekwa kwangu. Akaniambia ana vitamini za kujenga mwili, na wachezaji wote wakubwa wanazitumia. Zilikuwa vidonge vidogo kwenye kipakiti cha nailoni, hakina jina wala maandishi. Nilimuuliza kama zinaruhusiwa. Akasema vitamini ni chakula, nani anakatazwa chakula?

Nikaanza kumeza. Na kweli, zilifanya kazi. Njaa iliyonishika sijawahi kuiona. Nilikuwa namaliza ugali wangu, naangalia wa jirani. Mashavu yakajaa, shingo ikanenepa, fulana zikaanza kunibana. Kocha akaniona, akasema, safi, sasa naona unakuwa mwanaume.

Na hapa ndipo ninapotaka mshangae pamoja na mimi. Nilikuwa nimepungua kasi. Miguu ilikuwa mizito, nikipanda ngazi za kambi nashika ukuta. Nilikuwa nakunywa maji ndoo kwa ndoo na kiu haiishi. Mpira niliokuwa naufikia kwanza, sasa naufikia wa pili. Lakini kwa vile nilionekana mkubwa, nikaanza kupangwa. Nusu saa, halafu kipindi kizima. Nilicheza vibaya kuliko siku zote za maisha yangu, na sijawahi kuchezeshwa dakika nyingi namna ile. Mimi mwenyewe nilikuwa naona, na nikaendelea kumeza.

Nilimtumia mama picha kwa simu ya mdogo wangu. Nikapiga, mama akaishika simu. Kisha akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia ni mimi, mama, nimeongezeka. Akasema sawa, akanipa mdogo wangu tuendelee kuongea.

Halafu yule jamaa wa vidonge akatoweka. Simu haipatikani, na wenzake hawajui alikoelekea. Vidonge vikaniishia, nikasema si neno, mwili nimeshaupata. Siku chache baadaye tukasafiri kwenda kucheza ugenini. Kwenye gari nilikuwa natetemeka, tumbo linasokota, nikafikiri ni chakula. Tukaingia uwanjani kupasha misuli. Nakumbuka nilitapika karibu na kibendera cha kona. Baada ya hapo nakumbuka majani ya uwanja yalivyokuwa karibu sana na jicho langu.

Haya yanayofuata niliyasimuliwa. Wakati wengine wananimwagia maji usoni wakidhani ni jua, yule mwenzangu mrefu alikimbia vyumbani, akafungua begi langu, akachomoa kile kipakiti cha nailoni, ndani kimebaki kipande cha kidonge kilichovunjika. Alikuwa ananiona nikimeza kila asubuhi. Alikuwa ameshaniuliza mara moja ni nini, nikamwambia ayaangalie mambo yake. Alirudi nacho mkononi, akapanda gari la wagonjwa pamoja na mimi, na jezi yake na viatu vyake vya mpira.

Mnatakiwa mjue mechi ile ilikuwa ya nani. Wapinzani wetu walikuwa timu iliyomfukuza yeye, wakisema hafai. Wiki nzima chumbani hakuongea kitu kingine. Kocha alipomwambia ashuke kwenye gari, mechi inaanza, alisema, "Mwalimu, mpange mwingine." Akafunga mlango.

Nilizinduka nina dripu mkononi. Daktari alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu, ameshika kile kipakiti. Aliniuliza nimetumia kwa muda gani, nikamwambia. Akaniuliza nilifikiri ni nini, nikamwambia vitamini. Akabonyeza shavu langu kwa kidole, halafu mguu wangu juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo likabaki. Nilikuwa naliangalia lile shimo, halifukiki.

"Hiyo siyo misuli, mwanangu," akasema. "Ni maji."

Akanieleza taratibu. Kwamba ile ni dawa ya hospitali, dawa nzuri kwa mgonjwa wake, ila mtu akiimeza ovyo inaujaza mwili maji na mafuta, inaila misuli, na sukari inapanda. Kwamba mwili una kitu chake unachojitengenezea ili uweze kusimama kila siku, na ukiletewa kwa vidonge unaacha kukitengeneza. Sasa vidonge vikikatika ghafla, mwili unajikuta hauna kitu. Akasema kama wangenileta bila kile kipakiti, wangekuwa bado wanatafuta malaria, na mimi nisingekuwepo wakati wanatafuta.

 Nilikuwa nimeuza mbio nilizopewa na Mungu bure, nikanunua maji.

Nikageuza kichwa, nikamwona yule mwenzangu amekaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yamefika kifuani kwa urefu. Bado yuko na jezi. Nikamuuliza mechi imekuwaje. Akasema hajui. Nikamuuliza kwa nini hajacheza. Akasema mechi nyingine ipo wiki ijayo.

 Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo nikiwa shambani nalikumbuka, nasimamisha jembe. Akaniambia tangu mwanzo wa msimu alikuwa anamfuata kocha kumwomba anipange pamoja na yeye. "Ukiingia wewe mabeki wanachanganyikiwa, mimi napumua," akasema. "Nimemwambia mpaka kachoka. Anasema ni mwili. Na sasa tangu umenenepa, sikuoni tena uwanjani, naona tu mtu amevaa namba yako."

Mtu niliyekuwa namjibu huku nafunga viatu. Nilikuwa namhesabu kuwa ndiye ananinyima dakika, kumbe ndiye peke yake aliyekuwa ananiombea.

Kesho yake kocha alikuja na machungwa. Daktari alishamweleza. Alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna aliyenituma, ila yeye alisema nikikua nimwambie. Aliniangalia kama mtu anayeongeleshwa kwa lugha asiyoijua. Akauliza, "Mimi? Lini?" Haki ya Mungu, alikuwa hakumbuki. Nilipomkumbusha ile siku ya mazoezi, aliketi pembeni ya kitanda, akasema, "Nilikuwa natania, kijana. Nilitania tu." Akarudia hivyo mara nyingi. Nililibeba lile neno kutwa kucha, na mwenye kulisema alilidondosha palepale uwanjani.

Nikarudi Tlawi. Dawa ileile nilipewa na hospitali, sasa kwa kipimo, ikipunguzwa kidogo kidogo mpaka mwili ujifunze upya. Nilikuwa nakwenda Mbulu kupimwa na kurudi. Niliyavuna maharage ya baba nikiwa nimekaa chini kama mtoto, maana kusimama kulinishinda. Kuna siku nilimwambia mama kwamba mpira basi tena. Aliniwekea makande tu mbele yangu. Uvimbe ukawa unashuka. Asubuhi moja nanawa uso pale nje, mama akasimama, akaweka ndoo ya maziwa chini. Akasema, "Sasa nimekuona." Akaingia ndani haraka, nisimwone analia.

Nilipopata nguvu nilianza kukimbia kwenye vile vilima vyetu, kwanza kwa kutembea. Nilirudi kwenye timu, nikawaeleza viongozi kila kitu bila kuficha, nikasimamishwa kwa muda, nikakubali. Siku niliporuhusiwa nilimfuata kocha. Ndugu zangu, muda wote ule nilikuwa sijawahi kufungua mdomo kumwomba. Nilinuna, nilimeza vidonge, lakini kuomba sikuomba. Sasa nikamwambia, "Mwalimu, mimi sitakua tena. Naomba nusu saa mechi ikiwa bado mbichi. Nikishindwa, nirudishe benchi, sitanuna."

Akafikiri. Akanipa. Siku ya kwanza niliingia tukiwa sare, nikawa napita katikati ya miguu ya watu, beki wao akanivuta jezi ndani ya boksi, ikawa penalti. Aliyepiga ni yule mwenzangu mrefu. Alinibeba begani kama mwanakondoo, nikiwa napiga kelele anishushe.

Baadaye nilianzishwa mechi nzima. Na hapa niwe mkweli kwa wale vijana wa stendi, nimewaona wamekaa kule nyuma. Nilianza vizuri sana. Lakini mabeki walikuwa wananigonga, wananigonga, na ilipopita saa moja mbavu zilikuwa zinaimba. Nikanyoosha mkono mwenyewe kuomba kutoka. Kwa hiyo mliobishana mlikuwa sahihi nusu kwa nusu. Nilistahili dakika nyingi kuliko nilizokuwa napewa. Ila hizo nilizostahili zilikuwa pungufu kuliko nilizokuwa nazitaka. Siku hizi nachezeshwa hizo, na nazicheza nikiwa na mwili huu huu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule mama daktari, hajui kama nimemtaja hapa. Namshukuru mama yangu. Namshukuru kocha, kwa sababu ni rahisi kwa mkubwa kusahau alichosema, lakini yeye aliposikia hakujitetea. Na mwenzangu mrefu, huyo sijui hata nimshukuru vipi. Somo langu ni dogo. Ukiona unastahili zaidi, mfuate mwenye mamlaka ukamwambie kwa mdomo. Usiuombee mwili wako msamaha.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo. Lakini juzi nimepita sokoni Mbulu, nikaona vile vidonge. Vilevile, kwenye nailoni, vimepangwa juu ya khanga. Wasichana wananunua wapate makalio, wavulana wapate kifua. Nilimwona mmoja akimeza pale pale bila maji. Nikashika nguzo ya kibanda.

Najua hapa ndani yupo anayevitumia. Simwiti mbele. Ila naomba, usikimbilie kwenda kuvitupa chooni leo kwa sababu umenisikia. Ukiviacha ghafla utaanguka kama mimi, na huenda pembeni yako asiwepo mtu wa kufungua begi. Ibada ikiisha mimi nitakuwa pale nje, upande wa mti wa msonobari. Njoo tu, useme unaomba kusindikizwa. Sitakuuliza ni vya nani. Kesho asubuhi tutaongozana hospitali wawili, au watatu, au wote mtakaokuja.