Hoteli ya Cicily Iliyobebwa Mabegani

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, funika sufuria uvute kiti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Cicily Karwirwa, mwenye hoteli kando ya barabara ya Embu kwenda Meru, pale kabla hujafika Nkubu. Cicily alituacha wiki jana. Lakini msingojee machozi kwangu. Maisha ya mama huyu yanataka makofi!

Wengi wenu mnajua lami tu. Cicily aliijua barabara ya zamani, ile ya udongo mwekundu. Ilizunguka kila kilima, ikashuka kwa kila mto. Mvua ikinyesha, lori linateleza kama sabuni. Kwenye kona mbaya kuliko zote, Cicily na mumewe Salesio walijenga hoteli yao, mwaka uliofuata Uhuru. Nyumba ya mbao, paa la mabati. Chai, mandazi, nyama karanga. Nyama ilitoka kwa bucha la Waislamu kule Nkubu, kwa sababu madereva wengi wa malori, kama Saad wa Meru mjini, walikuwa Waislamu. "Mtu amekwama kwa matope," Cicily alisema, "asikwame tena kwa chakula."

Na kila dereva aliyenasuka pale alipewa msumari uliotoka motoni, achome jina lake ukutani. Saad yuko. Misheck yuko. Riungu yuko mara mbili, maana alikwama mara mbili! Barabara nzima ilikuwa kwenye ukuta ule.

Sasa sikilizeni. Miaka ya themanini ilipoanza, lami ikaja. Shangwe kila mahali! Lakini lami haikupitia kwa Cicily. Ilipita juu, mgongoni mwa kilima. Nani tena atashuka kule chini kunywa chai?

Salesio akasema, "Mama Kiende, tumefika mwisho. Turudi kwa kahawa yetu."

"Kahawa inapiga stori? Hoteli itahama."

"Haya, tuibomoe."

"Mbao zimezeeka, Baba Kiende. Ukizing'oa zinapasuka, na majina yanapasuka nazo. Itahama nzima."

Salesio akacheka mpaka akaegemea mlango. "Nzima! Na wewe ndani unakoroga chai?"

"Na mimi ndani."

Habari ikapanda malori, ikaenda Embu, Chuka, mpaka Laare. Jumapili, watu wakitoka kanisani, madereva hao! Saad akaja na wenzake wa Meru mjini, kanzu wamezikunja kiunoni. Wakapitisha magogo ya mikaratusi chini ya sakafu. Wateja wakaombwa watoke. Wote wakatoka, isipokuwa Mzee Mbae, mteja wa kila siku.

"Mzee, teremka, tunabeba nyumba."

"Si mbebe? Chai yangu haijaisha."

Wakainua! Nyumba ikaenda, wasikilizaji wapendwa, nyumba ikapanda kilima kwa mabega ya watu! Cicily ndani, ameshika birika. Wanawake mbele, wanafyeka vichaka. Katikati ya mlima, udongo ukateleza. Nyumba ikainama upande wa bonde. Mbao zikalia. Ikianguka hapo, hoteli imekwisha, na majina yamekwisha.

Cicily aliruka nje. Hakukimbilia juu, alikimbilia chini, upande ulioinama, akaweka bega lake.

"Saad! Ukiiachilia hii, nyama karanga utapikiwa na mkeo!"

"Mama, usiniue mara mbili!" Saad akajibu kutoka chini ya gogo, na wanaume wakacheka, na kicheko kile kikawapa nguvu. Salesio, yule aliyesema wamefika mwisho, akaingia chini ya mbao kando ya mkewe. Wakasukuma pamoja. Nyumba ikasimama. Nyumba ikafika kwa lami, nzima.

Mzee Mbae akatoa kichwa mlangoni. "Mmenimwagia chai," akasema. "Nipeni nyingine."

Tangu siku ile, hoteli iko pale. Salesio alitangulia, Cicily akaendelea. Dereva kijana akisimama kula, Cicily alimpeleka ukutani, amwonyeshe nani alikwama wapi, na nani alimvuta. Ile kona ya chini imeota nyasi. Lakini ukutani bado ni barabara.

Siku ya mazishi, majirani walimuuliza binti yake Kiende, ambaye ndiye mwenye jiko sasa, kama hoteli itafungwa. Kiende akajifunga leso kiunoni.

"Mama hakufunga nyumba ikiwa hewani," akasema. "Nifunge leo watu wakiwa wamesimama mlangoni?"

Akawasha moto, na waliomzika Cicily wakala kwake.

Kwa Kiende, kwa wajukuu, na kwa madereva wazee mliobaki, poleni sana. Mungu awape nguvu. Na wewe unayepita juu ya lami bila kuchafua kiatu, fikiria ni akina nani walikwama hapo kabla yako, na ni nani aliwapa chai. Kisha simama, uingie, usome ukuta.