Bwana Harusi na Pua Yake

Gari la Wazir lilikataa kuwaka siku ile ile ya nikaha yake, akapanda basi la Germantown, huko Marekani, na kanzu yake nyeupe pee. Hata hajakaa vizuri, damu ikaanza kumtoka puani.

"Inua kichwa, mwanangu, utaichafua kanzu!" Bimkubwa, bibi wa Kiunguja asiyemjua hata kwa jina, alimrukia kutoka kiti cha nyuma. "Jicho la hasidi hilo!"

"Hasidi gani, mama? Ni hita za hii baridi, zinakausha pua mpaka inapasuka," alisema Awino, nesi kutoka Kisumu aliyekuwa akirudi kazini. "Akiinua kichwa ataimeza hiyo damu, halafu aitapike hapo hapo kwa kanzu. Inama mbele, kaka. Bana hapa kwa nyama laini, upumue na mdomo. Dakika kumi, usiachilie! Na usiku upake vaselini ndani ya pua."

"Bwana harusi apake vaselini puani usiku wa harusi?" Bimkubwa alimaka.

Wazir, mwenye pua, hakuulizwa. Bimkubwa alimfunga kanga shingoni kama mtoto anayelishwa uji. "Sasa inua!"

"Inama!"

Basi likasimama mbele ya ukumbi. Wazir akashuka ameinama, pua ameibana barabara, maana nesi alikuwa akimkodolea macho dirishani. Wakwe walikuwa wamejipanga mlangoni na chetezo, udi ukifuka kwa heshima yake. Mjomba wa bibi harusi akamtazama, akakitazama chetezo, tabasamu likamkauka.

"Huyu anatuzibia pua sisi?"